Risiti niandike ngapi?

Mpenzi msomaji, mwezi huu naomba nianze kwa kukiri jambo nililolificha zaidi ya miaka kumi. Naliandika hapa kwa sababu najua wengi wenu mna kaka, dada, mjomba au mwenzi wa maisha huko majuu, na kila mkiongea kwenye simu hamkosi kugusia ile ndoto ya kurudi siku moja, kujenga na kupumzika nyumbani. Ndoto ni nzuri. Ila kuna mtu mmoja ambaye husahaulika kwenye hesabu zake, na mtu huyo kwa miaka mitatu nilikuwa mimi.

Mjomba wangu, mdogo wake mama, aliondoka Bongo mwaka 1992 kwenda Uingereza. Alibeba boksi kwelikweli. Miaka ya mwanzo alifanya vibarua vya kulipwa mkononi, kisha akapata kazi ya kutunza wazee mjini Reading, na ndiyo aliyostaafia. Mwaka 2009 alinunua kiwanja Kibada, Kigamboni, akaamua kujenga nyumba ya uzeeni. Alihitaji msimamizi. Mama alikuwa na presha, hawezi kukimbizana na mafundi. Ikaonekana anayefaa ni mimi: nipo chuo mwaka wa pili, nasomea mawasiliano, najua kuandika ripoti, tena mtoto mtulivu.

Basi ikawa kila mwezi mjomba anatuma mshiko, nauchukua Posta, naingia Kariakoo na Gerezani kutafuta saruji, nondo na misumari, halafu natafuta gari ya kubebea mizigo. Daraja la Kigamboni lilikuwa halijajengwa, lilikuja kufunguliwa 2016. Kwa hiyo ni kwenda Feri, kusubiri pantoni juani, kuvuka, kisha safari ya vumbi mpaka Kibada. Siku nzima imekwisha. Nauli yangu, chakula changu, vipindi nilivyokosa darasani, hakuna aliyeviuliza. Mjomba alijua ni undugu. Na mimi niliona aibu kusema.

Siku moja, mwenye duka akiwa ameshika kalamu, aliniuliza kwa sauti ya kawaida kabisa: "Dada, risiti niandike ngapi?"

Sikumwelewa. Nikamwambia aandike nilichomlipa. Akacheka, akaniambia wenzangu wote wanaojengea ndugu zao huandikiwa cha juu. Mwezi uliofuata sikuhitaji kufafanuliwa. Mfuko wa saruji nilionunua kwa shilingi 12,500 ukasomeka 14,500.

Mwanzoni cha juu kilikuwa cha nauli na chipsi mayai. Baadaye kikalipa pango la chumba. Mama alipolazwa kikanunua dawa, nikajiambia mjomba mwenyewe angeafiki, ni dada yake. Kisha kikalipa ada ya mdogo wangu. Halafu, jamani, kikanunua simu na kusuka nywele, na hapo sikuwa na la kujiambia.

Kilichoniuma zaidi ni bati. Mjomba aliagiza geji 28. Nikanunua geji 30, jembamba zaidi, risiti ikaandikwa 28. Nani atapanda juu kupima? Nyumba ilipokamilika nilipiga picha nzuri, nikamtumia. Alinishukuru karibu alie.

Hesabu za mjomba

Mjomba alirudi mwaka 2021 akiwa na miaka 66, umri wa pensheni ya serikali kule. Alikuwa mtu wa mahesabu, tena si wa kukurupuka. Alikataa pasi ya Uingereza miaka yote, kwa sababu Tanzania haikubali uraia pacha kwa mtu mzima, na Sheria ya Ardhi ya 1999 ilikuwa haimruhusu asiye raia kumiliki ardhi isipokuwa kwa uwekezaji. Alitaka hati ya Kibada isomeke jina lake. Ila alilipia uamuzi huo: leo kwenda kuwaona wanawe Reading ni mpaka aombe viza.

Pensheni nayo aliipigia hesabu. Kule ili upate pensheni kamili unahitaji miaka 35 ya michango, na chini ya miaka 10 huambulii kitu. Ile miaka ya vibarua vya mkononi haikuhesabiwa, akawa na 22. Mwaka 2021 pensheni kamili ilikuwa pauni 179.60 kwa wiki, yake ikawa karibu pauni 113. Kwa mwezi ni kama shilingi milioni 1.6 za kwetu. Si tajiri, lakini mzee mmoja mwenye nyumba yake anaishi.

Kuna jambo lililomkuta ambalo wengi hawalijui. Uingereza huwaongezea wastaafu wake pensheni kila mwaka, lakini kwa anayehamia nchi kama Tanzania, ambayo haina makubaliano nao ya jambo hilo, kiasi kinaganda pale pale kilipokuwa. Kufikia mwaka wa fedha wa 2025/26 pensheni kamili kwa waliobaki ilikuwa imefika pauni 230.25. Mjomba bado analipwa kwa hesabu ya 2021, na ataendelea hivyo akiishi hapa mpaka mwisho. Bei ya samaki haijaganda.

Na matibabu ya bure aliyaacha kule. Ndiyo maana alitenga fungu lake la akiba, kasema hili ni la hospitali tu, haliguswi.

Masika ya kwanza tu paa likaanza kuvuja. Upepo wa chumvi wa Kigamboni ulikuwa umeshalila lile bati kwenye misumari. Mafundi wakamwambia hakuna la kuziba, ni kuezeka upya. Alitumia zaidi ya shilingi milioni 6, na pesa pekee iliyokuwapo ni ile isiyoguswa. Nilikuwapo siku fundi anashusha mabati ya zamani. Nilinyamaza kimya.

"Na zangu je?"

Sasa nije kwangu. Mwaka 2022 mume wangu, ambaye ni nesi, alipata kazi Leeds. Tulikubaliana akae miaka 12 halafu arudi tuzeeke pamoja. Baada ya mwaka mmoja akanipigia akiwa na furaha tele: ameona kiwanja, tuanze kujenga taratibu. "Wewe ndiye utasimamia," akasema. "Nani mwingine ninayemwamini?"

Usiku ule sikulala. Jumamosi asubuhi nikaenda Feri, nikijua mjomba huvuka na pantoni kila wikiendi kuja kununua samaki. Nikamkuta nje ya soko, amekwishanunua fungu la changu, anasubiri vijana wawapae magamba.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mama. Mbona umenyong'onyea, umegombana na mwenzio?"

Nikamweleza yote pale pale, watu wanapita na ndoo, mnadi anapaza sauti nyuma yetu. Kuhusu saruji hakushtuka. "Nilijua," alisema. "Nilikuwa nauliza bei kwa wenzangu. Ningekuuliza ungekasirika, na mimi nisingekuwa na mtu mwingine. Tena kosa la kwanza ni langu. Nilimpa fundi fungu lake, mwenye gari fungu lake, wewe sikukupa. Saruji nilikusamehe siku nyingi."

Kisha nikasema la bati.

Hilo hakulijua. Alinyamaza. Kijana akamkabidhi samaki, akalipa, akapokea chenji, akaihesabu. Pantoni ikapiga honi. Akaniambia: "Hilo utalilipa." Hakupaza sauti. Tukakubaliana milioni 3, laki moja kila mwezi, namtumia kwa simu siku ya mshahara. Mwezi wa kwanza nilituma na ujumbe mrefu wa kuomba radhi. Akajibu neno moja: "Imefika."

Mume wangu nilimwambia jioni ile ile. Alinyamaza mpaka nikadhani mtandao umekatika. Halafu akauliza: "Na zangu je?"

Msomaji, swali lile sitalisahau. Pesa zake sikuwahi kuzigusa, lakini ningethibitishaje? Nilikaa mpaka saa nane usiku napiga picha kila risiti na kila muamala wa mwaka mzima, namtumia. Wiki mbili tuliongea kwa shida. Kisha tukaanza kuandika mpango, safari hii tukiwa wawili kweli.

Tulichokiandika

Kwanza, fungu la msimamizi. Kila pesa ya ujenzi inayokuja ina sehemu yangu iliyoandikwa wazi: nauli, chakula, muda wa simu na posho. Mwanzoni niliona aibu kumlipisha mume wangu. Lakini nimejifunza kwamba usipomlipa msimamizi wako, ipo siku atajilipa mwenyewe, na atajilipa vibaya. Kama ni mdogo wako au mama yako ndiye anayekimbia na mafundi, mlipe. Ni nafuu kuliko cha juu.

Pili, vifaa vikubwa mume analipa mwenyewe moja kwa moja dukani, mimi napokea na kuhesabu. Bei tunaulizia maduka matatu. Na kabla bati halijapanda juu, fundi wa pili, asiyemjua wa kwanza, anakuja kupima.

Tatu, hesabu ya pensheni tumeifanya leo, si uzeeni. Miaka 12 ya michango kwa kanuni za sasa itampa karibu theluthi moja tu ya pensheni kamili, tena akiwa hapa itaganda. Kama wako yuko Marekani, kule kwa kawaida anahitaji kama miaka 10 ya kazi inayolipiwa michango, kwa hiyo asirudi akiwa na miaka 9 bila kujua anachoacha. Mimi huku nachangia NSSF kupitia mwajiri, na ili nilipwe pensheni ya kila mwezi natakiwa michango isiyopungua miezi 180. Nimehesabu iliyobaki nikaiandika ukutani jikoni.

Nne, si kila senti iingie ukutani. Nyumba hailipi bili ya hospitali. Sehemu inakwenda kwenye hatifungani za serikali za muda mrefu, ambazo Benki Kuu huziuza kuanzia shilingi milioni 1 na riba yake hulipwa kila miezi sita. Na tunaweka kwa shilingi na kwa pauni, maana shilingi nayo ina safari zake: dola ya mwaka 2000 ilikuwa kama shilingi 800, mwaka 2024 ilipita 2,600.

Tano, pasi. Mume wangu akitaka uraia wa kule, tutakaa chini kwanza na mwanasheria. Mwaka 2024 serikali ilipeleka bungeni mabadiliko ya sheria za uhamiaji na ardhi ili kuwapa hadhi maalumu watu wenye asili ya Tanzania waliochukua uraia wa nje. Ni jambo la kulifuatilia kwa karibu, si la kusimuliwa kwenye kijiwe.

Sita, na hili ni wazo la mjomba: kabla ya kurudi jumla, mume aje akae miezi miwili, tuishi kwa ile pesa ya pensheni tu, bila kugusa akiba. Tukishindwa miezi miwili, tutawezaje miaka ishirini?

Msingi umeshakamilika. Kila Jumamosi navuka na pantoni ingawa daraja lipo, nimezoea. Juzi nilisimama duka moja Kariakoo kununua nondo. Kijana akashika kalamu, akaniangalia. "Dada, risiti niandike ngapi?"

"Andika uliyopokea," nikamwambia. Akaandika. Nikaipiga picha, nikaituma Leeds, na nakala nyingine nikamtumia mjomba Kibada. Hakuniomba. Lakini kila nikimtumia huwa anaifungua, naona, na mara moja moja huniandikia kwamba nondo nimeuziwa ghali.