Neno la Kushona

Nilifika Dzaleka nikitokea Uvira, na Kifaransa cha shule na Kiswahili cha nyumbani. Kambi hiyo ya wakimbizi, katika wilaya ya Dowa nchini Malawi, ilifunguliwa mwaka 1994, mahali palipokuwa gereza enzi za Kamuzu Banda. Kazi yangu ya kwanza humo ilikuwa kufuta vumbi kwenye vitabu vya chumba cha kusomea. Baadaye nikajifunza kuviorodhesha. Nilipopata kazi kwenye maktaba moja ya Lilongwe, nilipanga chumba katika mtaa wa Chinsapo.

Maktaba ilikuwa imehamia Koha, programu huria iliyoanza kutumika New Zealand mwaka 2000. Jina lake ni neno la Kimaori, maana yake zawadi. Droo za kadi ziliondolewa, zikawekwa kompyuta mbili mlangoni. Wasomaji walizipita, wakaja kuniuliza mimi mezani. Nikaombwa nitengeneze mafunzo ya kumshika mgeni mkono kwenye skrini.

Koha humruhusu mkutubi kuongeza msimbo wake kwenye ukurasa wa msomaji. Nilijifunza msimbo huo usiku, Chinsapo, bando likiisha kabla ya usingizi. Nikatoa vishale saba, kila kimoja na kitufe cha "Endelea".

Mama mmoja, fundi cherehani, alibofya "Endelea" mara saba. "Nimemaliza, mwanangu. Kitabu kiko wapi?"

Nikamwomba aandike anachotafuta. Akaandika *kushona*, herufi moja moja. Ikatokea sifuri. Akachukua mkoba wake. "Basi, hawana cha kwetu."

Rafu ya 646 ilikuwa hatua chache nyuma yake, imejaa vitabu vya kukata na kushona, vyote vya Kiingereza. Nilimpeleka, akapata chake. Lakini nililala vibaya usiku ule. Mtu aliyeishi kwa foleni za karatasi akiona sifuri huiona kama jibu la dirishani, ambalo halijadiliwi. Mimi niliyepanga foleni hizo nilipaswa kulijua hilo kabla ya wote.

Nikafuta "Endelea" zote. Kishale kipya kilisimama kwenye kisanduku mpaka msomaji aandike neno lake mwenyewe, si mfano wangu. Sifuri ikitokea, mwongozo haukuondoka: ulimweleza kwamba vitabu vingi vimeorodheshwa kwa Kiingereza, ukamwomba ajaribu neno jingine.

Hata hivyo, kwa nini mzigo wote abebe yeye? Rekodi ya kitabu ina uga wa 653, wa maneno yasiyo kwenye orodha rasmi ya mada. Nikaanza na rafu ile ya 646: *kushona*, *kusoka* kwa Wachewa, *kudoda* kwa Wanyarwanda, *couture* kwa waliosoma kama mimi. Kisha uzazi, kisha useremala, kitabu kwa kitabu, baada ya saa za kazi, kwa miezi. Sijawahi kufanya kazi niliyoipenda zaidi.

Mwaka 2023 serikali iliagiza wakimbizi waliokuwa wakiishi mijini warudi Dzaleka. Nikafunga chumba cha Chinsapo, nikabeba flashi yenye mafunzo yangu. Katika chumba kilekile cha kusomea tuliweka Koha kwenye kompyuta moja, bila intaneti, tukaingiza vitabu vilivyokuwapo.

Kijana wa kwanza kuketi aliandika *mihogo*. Sifuri. Mwongozo ukamsubiri, naye akanigeukia. Nikavuta kiti, nikamwomba aniletee kitabu alichokiona rafuni, nikafungua rekodi yake.