Ndiyo mama, ni sumu

Leo tunaongea juu ya shingo.

Sisi tunaosindikiza wagonjwa kutoka kambini hadi hospitali za Kigali tuna kazi mbili: kufuatilia karatasi za transferi, na kutafsiri. Karatasi zinachosha tu. Kutafsiri ndiko kunatutoa jasho.

Kuna mama mmoja wa Mahama, kichwa chake kilikuwa kimegeukia kushoto na kinatetemeka. Majirani walishasema yote: amerogwa, ana majini, ni zile bidoni za maji alizobeba. Na kwa kuwa akigusa kidevu kwa kidole kichwa kilinyooka kidogo, wakasema anajifanya. Kumbe hicho kidole ni dalili ambayo madaktari wanaijua vizuri. Ugonjwa unaitwa distonia ya shingo. Ubongo unatuma amri zisizo sawa, misuli inajikaza yenyewe, na mara nyingi sababu haionekani.

(Kama shingo imejipinda ghafla, siku chache baada ya kuanza dawa ya kuzuia kutapika kama metoclopramide, au dawa ya akili kama haloperidol, hiyo ni habari nyingine. Rudi kituo cha afya siku hiyo hiyo na ubebe paketi ya dawa. Inatibika haraka.)

Daktari akaeleza matibabu: sindano za botulini, ile inayojulikana kwa jina la Botox, ndani ya misuli inayovuta. Mama akatugeukia: "Wanangu, hiyo dawa inatoka wapi?"

Tukaangaliana. Inatoka kwa bakteria anayeota kwenye chakula kilichohifadhiwa vibaya. Mwaka 1895 huko Ellezelles, Ubelgiji, wapiga muziki walikula nyama ya nguruwe baada ya mazishi, watatu wakafa, na Profesa van Ermengem akamgundua huyo bakteria. Miaka ya 1970 daktari wa macho wa San Francisco, Alan Scott, akaanza kutumia kiasi kidogo sana kwa watu wenye makengeza. Kwa shingo, Marekani iliidhinisha mwaka 2000. Inazuia neva isipeleke amri kwenye msuli, basi msuli unalegea.

Kuna wafanyakazi wa misaada wanaotuambia tusitamke neno sumu mbele ya mkimbizi, ati ataogopa. Hapo hatukubaliani nao. Mtu aliyekimbia vita ameshadanganywa vya kutosha, na usiku atalikuta neno lenyewe kwenye simu. Tukamwambia: "Ndiyo mama, ni sumu. Ila kipimo ni kidogo sana. Inaweza kusambaa kidogo, kumeza kukawa kugumu kwa muda. Ukishindwa kumeza au kupumua, usingoje, kimbia hospitali."

Mama akacheka. "Hata muhogo mchungu ni sumu mpaka uuloweke." Akakubali.

Sasa jambo lenyewe gumu: sindano hiyo haiponyi. Inaanza kufanya kazi baada ya siku kadhaa, wengine mpaka wiki mbili, nguvu yake inakaa kama miezi mitatu, halafu kichwa kinaanza kugeuka tena. Maana yake kila baada ya miezi mitatu unaanza upya: kituo cha afya, transferi, basi mpaka Nyabugogo, moto. Wengi wanachoka, wanasema sindano ilishindwa. Haikushindwa, imeisha.

Na kuna ofisi moja ilimpa mama transferi ya mara moja tu, kama vile ni malaria. Tulirudi pale mara tatu kuomba iandikwe kwamba matibabu yanarudiwa. Nyinyi mnaosaini hizo karatasi, na tunajua mnatusoma hapa, andikeni hilo tangu siku ya kwanza.

Siku ya kumi mama alitupigia: anaweza kutazama sufuria bila kushika kidevu. Tarehe yake inayofuata tumeiandika kwenye simu tatu, maana simu moja inaweza kuibiwa.