Usiku Mmoja wa Safari

Kutoka Nairobi hadi New York ni karibu kilomita 11,800, yaani maili 7,350 hivi. Tangu tarehe 28 Oktoba 2018, ndege ya Kenya Airways ilipoanza kwenda huko moja kwa moja, safari hiyo huchukua saa 15 au pungufu kidogo. Mtu hula chakula cha jioni kwake Kaloleni, hupanda ndege usiku, na asubuhi ya pili hushuka Marekani. Asishangae kuona usiku wake umerefuka. Saa za New York ziko nyuma ya saa za Nairobi kwa saa saba au nane, na ndege iendayo magharibi huwa kama inalikimbia jua.

Mama mmoja wa Kaloleni alielezwa hesabu hiyo na mwanawe mwaka 2019, siku ya kumsindikiza Embakasi. "Usilie, Mama," kijana alimwambia. "Ni usiku mmoja tu."

Wazee wa mitaa ile wana habari ya safari nyingine. Mnamo Septemba 1959 wanafunzi 81 waliondoka Embakasi kwa ndege iliyokodiwa, katika mpango wa Tom Mboya, wakaenda kusoma vyuo vya Marekani. Uwanja ulikuwa mpya, umefunguliwa mwaka 1958, nao ulijengwa kwa jasho la mahabusu wa siku za Hali ya Hatari. Ndege ya wakati ule haikuweza kwenda mbali hivyo bila kutua njiani kutia mafuta. Wazazi walibaki kungojea barua, na barua zilikawia. Hata hivyo, wengi wa vijana wale walipomaliza masomo walirudi kwao, wakashika kazi za serikali na za ualimu.

Kijana wa Kaloleni hakurudi. Ruhusa yake ya kukaa ilikwisha, naye akaogopa kwamba akitoka hataingia tena, na karo ya wadogo zake itakatika. Baba yake alipofariki, aliyatazama mazishi katika simu iliyoinuliwa na jirani kando ya kaburi. Simu ilipopewa mama, kijana alilia, akasema kwamba nyumbani si mbali, ila njia imefungwa.

"Najua, mwanangu," mama alijibu. "Uliniambia ni usiku mmoja. Lakini usiku huo haujacha bado."

Basi, mzazi amwagaye mtoto wake kiwanjani asiridhike kuuliza saa za ndege. Na aulize pia ruhusa ya kukaa ni ya muda gani, na ikiisha itakuwaje. Safari fupi ni ile ambayo mtu ameijua njia ya kurudi kabla hajaondoka.