Mwezi Mmoja wa Ziada

Chukua hadithi kumi za vijana wanaojifunza kuandika, zile tunazoandikiana kwenye madaftari na kubadilishana kijiweni Jumamosi. Ndani yake akiumwa mtu, mwandishi ana njia mbili tu za kumtoa. Ama atakufa ukurasa wa mwisho huku mvua ikinyesha, ama atapatikana daktari kutoka Ulaya mwenye sindano moja, mgonjwa ainuke kitandani, na harusi ifuate. Sina ugomvi na mvua wala na harusi. Ila tangu mtoto wa mama mdogo alipougua saratani ya mfupa, naona ipo hadithi ya tatu, na hiyo kijiweni petu bado haijapata mwandishi.

Alikuwa na miaka 18, beki wa kulia, tena mkali kweli kweli. Goti la kushoto likavimba. Mtaa mzima tukasema ni boli, na bibi akawa anamkanda kila jioni kwa maji ya moto na chumvi. Nani angewaza vingine? Kumbe ugonjwa huu unaupenda umri huo huo, miaka ambayo mifupa inarefuka haraka, na mahali unapopapenda zaidi ni jirani na goti. Terry Fox wa Kanada naye alikatwa mguu mwaka 1977, akiwa na miaka 18. Mwaka 1980 akaanza kukimbia kuvuka nchi yake kwa mguu wa bandia akichangisha fedha za utafiti, siku 143, kilomita 5,373, mpaka saratani ilipoingia mapafuni ikamsimamisha. Alikufa mwaka 1981. Nilipomsimulia dogo, aliniuliza jambo moja tu: "Huo mguu wa bandia ulikuwa na goti?"

Wake ulipokatwa, picha ya kifua ilikuwa tayari inaonyesha madoa. Hapo ndipo madaktari husema ugonjwa umeshafika mbali.

Sasa nieleze mseto. Kwetu mseto ni wali na choroko, halafu ikaja dawa mseto ya malaria na neno likahamia hospitali. Hoja yake haina uchawi. Ukipiga ugonjwa kwa dawa moja, chembe chache zinazoiweza dawa hiyo zinabaki, zinazaana, na kesho unapambana na ukoo mzima wa wababe. Ukipiga kwa dawa mbili tatu zinazoingia kila moja kwa mlango wake, nafasi ya kubaki inapungua. Kwa saratani ya mfupa chungu kina dawa tatu tangu zamani: methotreksati, doksorubisini na sisplatini. Hii ya pili ni nyekundu kama sharubati na ina kikomo cha maisha, maana ikizidi inaharibu moyo. Ya kwanza ndiyo iliyonifanya nikae kitako. Inatiwa mwilini kwa kiasi ambacho kingemuua mtu, kisha baada ya saa kadhaa inafuatwa na dawa nyingine ya kumwokoa na ile ya kwanza. Jamani, mnaotafuta taharuki, itafuteni hapo!

Tena mseto uliwahi kushinda, na kushinda wazi. Mwaka 1986 huko Marekani yalichapishwa matokeo ya jaribio la wagonjwa 36 ambao ugonjwa wao ulikuwa haujasambaa. Wote walifanyiwa upasuaji, kisha kura ikaamua nani apewe dawa na nani asipewe. Baada ya miaka miwili, waliokuwa hawajarudiwa na ugonjwa ni asilimia 17 kwa wale wa kisu peke yake, na asilimia 66 kwa wale walioongezewa dawa. Tofauti kama hiyo haihitaji mtaalamu wa hesabu.

Basi ikawa kawaida kuamini kwamba mbili zikizidi moja, na tatu zikizidi mbili, tano zitazidi tatu. Kati ya mwaka 2005 na 2011 nchi 17, za Ulaya, Amerika ya Kaskazini na kwingineko, zikashirikiana katika jaribio lililoitwa EURAMOS-1. Tanzania haimo. Wagonjwa walipewa zile dawa tatu kwanza, wakapasuliwa, halafu uvimbe ukatazamwa kwa hadubini. Ambao asilimia 10 au zaidi ya uvimbe wao ilikuwa bado hai wakaambiwa dawa hazikuitikia vizuri. Kati yao 618 walikubali kuingia kwenye kura. Nusu wakaendelea na zile tatu, nusu wakaongezewa ifosfamidi na etoposidi. Majibu yalitoka mwaka 2016. Tano hazikuzidi tatu. Kilichozidi ni makali ya dawa.

Niliposoma hapo nilifunga karatasi nikatoka nje. Zaidi ya vijana 300 walitapika na kulala wodini siku ambazo wangeweza kuwa nyumbani, na zile dawa mbili hazikuwafaa. Mwandishi wa hadithi hawezi kumfanyia mhusika wake hivyo, wasomaji watamtupia daftari. Riwaya inataka mtu avune alichopanda. Hapa walipanda hawa, wakaja kuvuna wengine, wale ambao leo daktari hawaongezei tu mbili juu ya tatu kwa sababu eti mseto ukiwa mzito ndio bora. Tena wavunaji hawajui hata kama wamevuna. Mtu atamshukuru nani kwa homa ambayo hakuipata?

Dogo hakuona hivyo. Yeye alitaka jaribio linalomhusu, la watu ambao ugonjwa umewarudia au umekataa dawa. Lilikuwepo. Kwa Kiingereza changu cha kidato cha nne na kamusi pembeni tulilisoma usiku mbili, la OLIE, matokeo yake yamechapishwa mwaka 2024. Wagonjwa 81, umri kuanzia miaka 2 hadi 25. Wote walipewa ifosfamidi na etoposidi, na kura ikaamua nani aongezewe vidonge vya lenvatinibu, ambavyo kazi yake ni kuzuia uvimbe usijichimbie mishipa mipya ya damu. Yaani unaukatia maji huku ukiupiga.

Waliopata dawa mbili, nusu yao ugonjwa ulikuwa umesonga mbele ifikapo miezi 5.5. Waliopata tatu, miezi 6.5. Na waliolipanga walikuwa wameweka tangu mwanzo kipimo cha kusema tofauti hii si ya bahati tu. Haikukifikia.

"Kwa hiyo mwezi mmoja," dogo akasema.

Nikamweleza kwamba hata huo mmoja hauna uhakika, kwamba huenda ni kura tu ilivyoangukia, na kwamba ni muda hadi ugonjwa usonge, sio muda wa kuishi.

"Nimekuelewa, kaka. Nauliza, mwezi una mechi ngapi?"

Nne, nikamwambia, tano ratiba ikibana.

Akanyamaza, halafu akaanza kunihesabia. Mwezi ni mechi nne. Mwezi ni mama kupokea mchezo wa akina mama zamu yake ikifika. Mwezi ni mtihani wa kidato cha nne wa mdogo wetu kuanza na kwisha. Nikataka kumkumbusha habari ya kubahatisha, nikaona nimeshaisema mara moja na ameisikia. Aliuliza kama angepigiwa kura angeangukia upande gani. Nikamwambia kompyuta ndiyo inayopiga, hata daktari hachagui, na upande usio na dawa mpya haukuachwa mikono mitupu, ulipata dawa zinazojulikana. Pia kwamba anayeingia anaelezwa kwanza, na anaweza kutoka siku yoyote bila kuulizwa kwa nini.

"Ningeingia," akasema. "Hata kama ni bure?" "Bure kwa nani?"

Kwa umri angefaa, alishatimiza 19. Kwa mahali, hapana, na hilo halikuwa la kubishana na mtu usiku ule.

Anajua ninaandika riwaya, na anajua beki wa kulia yumo. Ameniwekea masharti mawili. La kwanza, nisimponyeshe, maana atakayesoma akiwa na madoa kifuani atajua nimedanganya. La pili, mvua isinyeshe. Sura ya tisa nimeifuta mara tatu. Sasa inaanza na kijana anayesoma fomu ya kuingia kwenye jaribio, kurasa nyingi, anasoma taratibu, kalamu iko mezani, na wodi nzima wanasikiliza mpira redioni.