Kuitembelea Mombasa kwa Fedha Chache

Wako watu wengi wa bara waliofikia umri wa kuwa na wajukuu, nao hawajaiona bahari. Si kwamba hawakusafiri. Wamesafiri sana, lakini safari zao zote zilikuwa za matanga, au za hospitali, au za kufuata kesi ya shamba. Ukimwuliza mmoja wao kwa nini hajafika Mombasa, atakujibu kwamba Mombasa ni mji wa watalii, na kwamba fedha ya karo haiwezi kumwagwa mchangani. Jibu hilo lina heshima yake, kwa maana mwenye watoto shuleni hana budi kuhesabu. Lakini hesabu yenyewe hajaifanya. Yafuatayo nimeyaandika kwa faida ya mkulima aliyekwisha kuuza mavuno yake, na karani mwenye siku chache za likizo.

Kwanza yapasa kuchagua majira. Mwezi wa Desemba, na wakati wa Pasaka, na mwezi wa Agosti shule zinapofungwa, mji hujaa watu na vyumba hupanda bei. Mwezi wa Mei bei hushuka, lakini hiyo ndiyo masika ya pwani, na mtu aweza kukaa siku mbili dirishani akitazama mvua. Tena wakati huo mkulima ana kazi yake. Mimi hupenda Septemba na Oktoba. Mvua kubwa imekwisha, joto kali la kaskazi halijafika, na wenye nyumba za kulala wageni husikia maneno ya mteja.

Katika safari hii nauli ndiyo mzigo mkubwa, wala haipunguzwi kwa maneno. Reli ya zamani ilifika Nairobi kutoka Mombasa mwaka 1899, na garimoshi lake lilikuwa la kulala njiani. Reli mpya ilianza kuchukua abiria mwaka 2017, nayo humfikisha mtu kwa muda wa saa tano au sita. Nauli ya daraja la chini ilipandishwa kutoka shilingi 1,000 hadi 1,500 mwezi wa Januari 2024, basi uliza bei ya siku yako kabla hujapanga lolote. Shauri langu ni kupanda garimoshi la asubuhi. Mchana ule utavuka Tsavo ukiwa macho, na ukibahatika utaona ndovu waliojipaka udongo mwekundu hata wakafanana na vichuguu vinavyotembea. Wageni wa ng'ambo hulipa fedha nyingi kuwaona wanyama hao. Wewe umewapata ndani ya nauli yako. Nunua tikiti ya kurudi siku ile ile unaponunua ya kwenda. Mtu ambaye tikiti ya kurudi imo mfukoni hula chakula chake kwa utulivu.

Stesheni iko Miritini, nje ya kisiwa, na hapo ndipo fedha ya mgeni hupotea kwanza. Madereva watakuzunguka kila mmoja akishika mkoba wako. Washukuru, kisha utafute matatu ziendazo mjini. Kama una mzigo mwingi au mtoto mchanga, panda teksi, lakini patana bei kabla ya kufungua mlango.

Watu wengi hukimbilia kulala ufukweni, wakidhani ndiyo Mombasa. Ukilala kisiwani, upande wa Mwembe Tayari au karibu na mji wa kale, utalipa kidogo na utakwenda karibu kila mahali kwa miguu. Usilipe kabla hujaingia chumbani. Tazama chandarua kama kina matundu, washa feni, fungua bomba. Maji ya Mombasa yana siku zake za kukosekana, na ndoo iliyojaa ni dalili ya mwenye nyumba mwangalifu. Chumba kichafu si akiba. Heri kulala usiku mmoja pasafi kuliko usiku mitatu penye kunguni.

Amka alfajiri uende mji wa kale, kabla jua halijawa kali. Njia yake kubwa huitwa Ndia Kuu, kwa maana watu wa Mvita husema “ndia” pale ambapo sisi husema “njia”. Utapita chini ya roshani za mbao, na mbele ya milango iliyochongwa ambayo fundi alikesha kwayo miezi. Utauona mnara wa msikiti wa Mandhry, ambao ni miongoni mwa misikiti ya zamani kabisa kisiwani. Katika mji huu ndimo alimoishi Muyaka bin Haji, mshairi aliyefariki yapata mwaka 1840, aliyeyatia mambo ya vita na ya siasa ya Mvita katika tungo zake. Hakuna anayetoza fedha kwa kutembea huko, lakini kuna adabu. Vaa nguo za heshima, toa salamu kwa wazee walioketi barazani, wala usimpige mtu picha kabla hujamwomba ruhusa. Hao wako kwao.

Chakula cha asubuhi ni mahamri na mbaazi za nazi, na kwa fedha ya kikombe kimoja cha chai ya hoteli kubwa watu wawili hushiba. Baadaye mnunulie mkeo kahawa chungu kutoka kwa mwenye dele, na kashata pembeni. Ninasema mkeo kwa makusudi. Wako wanaume waendao Mombasa peke yao kila mwaka, na huku mama wa nyumba, aliyelima pamoja nao, anaijua bahari kwa kalenda ya ukutani.

Jua likipanda, ingia Fort Jesus. Chukua kitambulisho, kwa kuwa mwananchi hulipa kiingilio kidogo kuliko mgeni. Wareno walianza kuijenga mwaka 1593. Majeshi ya Oman yaliizingira tangu Machi 1696 mpaka Desemba 1698, na waliokuwamo ndani waliuawa zaidi na maradhi na njaa kuliko risasi. Jahazi kubwa la Kireno, Santo António de Tanná, lilikuja kuwaokoa likazama hapo hapo mbele ya ngome mwaka 1697. Vitu vilivyotolewa humo na wapiga mbizi vimewekwa ndani uvione. Waingereza waliifanya gereza tangu 1895 hata 1958, na mwaka 2011 ikatiwa katika orodha ya urithi wa dunia. Mtoto aliyesoma habari hizi darasani akiugusa ukuta wenyewe, hutahitaji kumweleza mengi. Usikimbie. Kaa juu ya ukuta upande wa bahari, penye upepo, mpaka adhuhuri ipite.

Jioni nenda Mama Ngina, palipotengenezwa upya mwaka 2019. Watu wa mji wenyewe hukaa hapo chini ya mibuyu, wakila mihogo ya kukaanga yenye ndimu na pilipili, huku meli kubwa zikipita karibu kiasi cha kuwaona mabaharia wake.

Siku ya pili vuka Likoni. Feri haimtozi aendaye kwa miguu, nami sijui safari nyingine ya baharini ya bei hiyo. Lakini usisukumane wala usikimbilie feri iliyojaa. Mwaka 1994 feri ya Mtongwe, jirani na hapo, ilizama wakafa watu zaidi ya 270. Kwa kuoga baharini, ufuo wa wananchi wa Jomo Kenyatta huko Bamburi hufikiwa kwa matatu. Uliza kwanza saa za maji. Maji yakijaa sana mchanga hupungua, na yakipwa utatembea mbali bila kupata pa kuogelea. Asiyejua kuogelea asipite kiunoni, hata akicheka nani.

Vitu vya kupeleka nyumbani usivinunue ufuoni. Ngoja mpaka Marikiti, ambako utapata iliki, mdalasini na pilipili manga kwa kipimo, na bei ya kwanza si bei ya mwisho.

Ondoka mjini mapema siku ya kurudi. Huko Miritini mizigo hupangwa chini kwa mstari ikanuswa na mbwa wa askari, kisha abiria hukaguliwa zaidi ya mara moja, na garimoshi halimngojei aliyebaki sokoni akibishania bei ya nazi.