Mgeni Ndani ya Mshipa

Damu haipendi wageni. Mtoto akianguka uwanjani na kuchunuka goti, baada ya dakika chache damu hujigandia yenyewe, jeraha likaziba, naye akarudi mchezoni. Ni ulinzi mkubwa tuliojaliwa. Lakini askari huyo hajui kubagua. Daktari akikutia mpira wa plastiki mshipani ili aokoe maisha yako, damu huuona mpira huo kuwa adui. Protini zilizomo damuni hunata kwenye plastiki, chembe za kugandisha damu nazo hujishikiza juu ya protini hizo, na muda si muda donge limeanza kujengeka. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Damu haina subira hiyo.

Haya nimeyajua kwa sababu ya dada yangu mkubwa, ambaye figo zake ziligoma kufanya kazi miaka minne iliyopita. Tangu hapo husafishwa damu kwa mashine mara mbili kwa wiki, muda wa saa nne kila mara. Mwanzoni alitiwa mpira wenye mikia miwili, ulioingia katika mshipa wa shingo na kutokezea kifuani: mkia mmoja wa kupeleka damu kwenye mashine, mwingine wa kuirudisha. Mwezi wa tatu mashine ikaanza kulia kila mara, damu haiji. Mpira ulikuwa umeziba. Wakaubadilisha.

Wa pili haukuziba. Huo uliingiwa na viini. Siku hiyo dada aliunganishwa na mashine akiwa mzima, akitaniana na jirani wa kitanda cha pili. Nusu saa baadaye alikuwa akitetemeka hadi kitanda kikawa kinagonga ukuta. Akalazwa siku kumi na mbili. Shemeji yangu aliuza ng'ombe wawili kulipa bili, na mwanao aliyekuwa kidato cha tatu akakaa nyumbani muhula mzima.

Daktari alinieleza kwa mfano wa meno. Ule ukoga unaouhisi kwa ulimi asubuhi kabla hujapiga mswaki ni mji wa bakteria walioshikana na kujifunika ute. Mji kama huo hujengwa ndani ya mpira. Wakishajifunika hivyo, dawa ambazo zingewaua wakiwa wametawanyika huwafikia kwa shida, na aghalabu hakuna budi kuung'oa mpira wenyewe.

Kuhusu kuganda kwa damu, dawa ipo, tena ya kale. Heparini iligunduliwa mwaka 1916 huko Baltimore, Marekani, kupitia kazi ya Jay McLean, mwanafunzi wa udaktari aliyekuwa akichunguza maini ya mbwa. Siku hizi hutengenezwa hasa kutokana na matumbo ya nguruwe. Ni dawa nzuri, na bila hiyo sijui dada angekuwa wapi. Ila haiendi kwenye plastiki peke yake. Huizuia damu yote mwilini isigande upesi. Siku ya mashine dada hashiki kisu jikoni. Sindano zikishatolewa, hukaa akibana pamba mkononi, akiinua kidogo kuchungulia, akibana tena. Yaani kosa ni la kipande cha plastiki, dawa anapewa mtu mzima!

Ndiyo maana niliposoma habari za mmea uitwao Nepenthes nilikaa kitako. Mmea huu, ambao aina zake hupatikana hata kwa majirani zetu wa Madagaska na Ushelisheli, una kikombe kinachoning'inia mithili ya mtungi. Mdomo wa mtungi huo umechorwa vifuo vyembamba sana vinavyoshika maji ya mvua na umande. Sisimizi akija kulamba utamu, anakanyaga maji, hakanyagi mmea. Huteleza, akatumbukia ndani na kuyeyushwa polepole. Mwaka 2011 Joanna Aizenberg na wenzake wa Chuo Kikuu cha Harvard walieleza jinsi ya kuiga hila hiyo: chukua kitu chenye vitundu vidogo mno, kinyweshe mafuta yasiyochanganyika na maji, na kila kitakachokuja kitagusa mafuta tu.

Mpira wa hospitali hauna vitundu hivyo. Basi Donald Ingber na kundi lake katika Taasisi ya Wyss, papo hapo Harvard, wakaja na ufundi wa tabaka mbili walioutangaza mwaka 2014. Kwanza plastiki hufungwa molekuli za ukoo mmoja na ule mpako wa vikaango visivyoshika chapati. Kisha humiminwa juu yake kimiminika cha ukoo uo huo. Ndugu akamshika nduguye, kimiminika kikatulia. Hata mjusi kafiri, fundi wa kutembea darini kichwa chini, alishindwa kujishikiza hapo. Bakteria waliachwa katika mirija hiyo zaidi ya wiki sita, na waliofaulu kunata hawakufika mmoja katika bilioni. Kisha mirija ikaunganishwa na mishipa ya nguruwe, bila heparini hata tone, na damu ikapita kwa saa 8 bila kuziba. Saa 8 ni vikao viwili vya dada yangu.

Nilipomsimulia hakushangilia. Aliuliza, "Na hayo mafuta yakibanduka, mdogo wangu, yaenda wapi?"

Hilo ni swali la mtu ambaye damu yenyewe ni yake. Kemikali za ukoo huo mwili hauzivunji. Hutoka kwa pumzi kupitia mapafuni. Tena si ngeni kwa binadamu: mwaka 1989 Marekani iliidhinisha dawa yenye kemikali hizo, ya kubeba oksijeni wakati wa matibabu ya mishipa ya moyo, ingawa baadaye iliondolewa sokoni. Ugumu uko kwingine. Kila kimiminika kinavyopungua, plastiki hubaki uchi. Nguruwe mwenye afya kwa saa 8 si mgonjwa wa figo kwa miaka. Kwa maoni yangu, wangeanza na mirija ya mashine, inayotumika saa nne ikatupwa, kabla ya kufikiria mpira wa kukaa kifuani miezi.

Dada mwenyewe ameshafanyiwa upasuaji mdogo wa kuunganisha ateri na vena mkononi. Mshipa ulichukua miezi miwili hivi kunenepa, na ukiutegea sikio unanguruma kama paka aliyeshiba. Mpira wa kifuani umeondolewa, na homa zile zimekwisha. Mirija ya mashine bado ni plastiki ile ile, na heparini ni ile ile. Zamu zake ni Jumatano na Jumamosi, na jioni hizo sukuma wiki hukatwa na binti yake.