Mwalimu Katika Mji wa Mabepari

Tunduma tuna sikukuu mbili za wazee wawili waliokuwa marafiki. Oktoba 14 Tanzania inapumzika kumkumbuka Mwalimu Nyerere, aliyefariki tarehe hiyo mwaka 1999. Aprili 28, hatua chache tu ukivuka mpaka, Nakonde nao wanapumzika kwa ajili ya Kenneth Kaunda, aliyezaliwa tarehe hiyo mwaka 1924. Sisi tunakumbuka siku ya kufa, wenzetu siku ya kuzaliwa. Na kwa kuwa mteja wa upande huu ndiye muuzaji wa upande ule, hakuna siku ambayo mji wote unapumzika. Malori ndiyo kabisa, hayajui sikukuu.

Nyerere Day ya kwetu mnaijua, maana ni ile ile ya kwenu: redio inarusha hotuba zake tangu asubuhi, vijana wana mechi, kilele cha Mwenge kiko mkoa fulani, na kila kiongozi anatuhimiza "kumuenzi Mwalimu". Kumuenzi vipi, hapo hakuna anayefafanua.

Mwaka juzi majirani kadhaa hapa Sogea tuliamua kumsoma. Tulikaa uani kwa mama lishe mmoja, watu kumi na mmoja, nakala mbili zikipita mkono kwa mkono. Kitabu kilikuwa Mabepari wa Venisi, tamthilia ya Shakespeare aliyoitafsiri Mwalimu na kuchapishwa mwaka 1969, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha. Angeweza kuandika "mfanyabiashara". Akaandika "mabepari". Sasa soma jina hilo katika mji ambao huyu anabadilisha kwacha, yule anavusha mchele, na wa tatu ana mzigo wa mitumba.

"Kwa hiyo Mwalimu alikuwa ananisema mimi?" akauliza dada mmoja anayeuza mchele Nakonde. Tukacheka, lakini yeye hakucheka.

Mzee mmoja wa Mbozi akadakia. Mwaka 1974 alikuwa mtoto, familia yao ikahamishiwa kijiji cha ujamaa. "Shule niliipata huko," alisema. "Mibuni ya baba sikuiona tena." Akanyamaza, na uani pakawa kimya.

Kijana mmoja, dereva wa bodaboda, akamtetea Mwalimu. Akaitaja TAZARA inayopita hapa hapa kwetu, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi. Alikuwa na hoja. Walowezi wa Rhodesia walipojitangazia uhuru wao mwaka 1965, Zambia ilibaki na njia ya baharini inayopita kwa watu waliowanyima Waafrika haki zao. Nyerere na Kaunda wakatafuta njia nyingine, Wachina wakaijenga, na mwaka 1976 ikakabidhiwa rasmi. Maskini wawili walikubali gharama kubwa ili wasimpigie magoti mbaguzi. Hilo nalo ni kweli, na halimrudishii mzee mibuni yake.

Tulipofika pale Shailoki anapodai utu wake mbele ya watu wanaomdharau kwa sababu ya dini yake, zamu ilikuwa ya yule dada wa mchele. Alisoma polepole. Alipomaliza akarudia tangu mwanzo bila kuombwa. Baadaye akatuambia kuna maneno aliwahi kuambiwa akiwa anapekuliwa mzigo wake, mbele za watu, na siku ile hakuwa na la kujibu.

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini nataka sikukuu hii iwepo. Mtu aliyekipa kitabu jina la kuwakemea mabepari ndiye huyo huyo aliyempa bepari anayechukiwa kuliko wote Kiswahili kizuri cha kujitetea. Hakumziba mdomo. Kwenye siasa, jamani, haikuwa hivyo kila mara: sheria ya kuwaweka watu kizuizini bila kesi ilipitishwa mwaka 1962, na kuanzia 1965 chama kikawa kimoja kisheria kila upande wa Muungano. Kaunda naye alifuata njia hiyo hiyo. Ukiwaenzi kwa kuyaficha haya, unabaki na sanamu tu, na sanamu halijibu swali la mtu aliyepoteza mibuni.

Kwa hiyo mimi kumuenzi Mwalimu nakuelewa hivi: kukaa naye uani, kumshukuru kwa kilicho chake, na kumbishia pale anapobishika. TANU yake iliahidi kwamba binadamu wote ni ndugu. Ndugu hubishana.

Oktoba ijayo tunasoma Juliasi Kaizari, tafsiri yake nyingine, ambamo wanasiasa wanagombea namna ya kumsema marehemu mbele ya umati. Mzee wa Mbozi ameshaomba nafasi ya mmoja wa wale waliomchoma Kaizari kisu. Tumempa.